Chumba Alichokuwa Akilala Faiza

Kikwajuni Juu,
Zanzibar.
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa Khalati Zuleikha,

Shikamoo, na assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ukiacha mafua ya huyu mwanangu mdogo ambayo hayataki kumtoka tangu joto lilipoanza. Mume wangu Ubwa anakusalimu sana. Na wewe je? Goti limekubali kukunjika, au bado unasali kwenye kiti? Mumeo, Mzee Gharib, anaendeleaje? Tangu apatwe na kile kiharusi sina sala ninayomsahau. Niambie kama sasa anaweza kukaa mwenyewe au bado mnamwinua, maana najua mgongo wako nao si wa kuinua mtu.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Khalati, simu yako huisikia nyumba nzima. Sikio lako zito, unaiweka sauti ya juu, na mambo ya mwanao Faiza wewe mwenyewe uliniomba yasifike kwa wakwe zako. Kwa hiyo nampa Bi Mwanamkasi, jirani yangu, anayekuja Maskati kumtazama mwanawe aliyejifungua. Nimemwambia akukabidhi wewe tu. Isome ukiwa umekaa chumbani, mlango umeurudisha. Na ili moyo usikuruke, nakwambia hapa hapa mwanzo: Faiza yu hai, na yuko kwangu. Yaliyobaki soma polepole.

Unakumbuka tulivyofurahi tulipompatia nafasi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa ya Bi Mwanamwema, kule mbele ya Bububu. Maradhi ya akili ya Faiza yalikuwa yamerudi baada ya kuacha dawa, anasikia watu wakizungumza ndani ya kuta, anatoka nje bila viatu, na mimi na watoto wadogo sikuweza. Nyumba ilikuwa safi. Wanawake wanne tu, bustani ya asumini nyuma, na yule muuguzi, Tabia, aliyekuwa akijua kila mmoja anapenda chai yake vipi. Miezi ile ya mwanzo Faiza alinawiri. Siku moja nilimkuta anawachora piko wenzake mikononi, maua yale yake ya zamani, kama anapamba maharusi. Nilikupigia tukacheka pamoja.

Kisha Tabia akapata kazi Pemba akaondoka. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, lakini yalibadilika kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Kwanza tuliambiwa tuje Ijumaa tu, baada ya Alasiri. Halafu tukawa hatuingii ndani. Faiza analetwa barazani, kishavalishwa, kishatiwa manukato mengi, na Bi Mwanamwema anakaa nasi mpaka tunaondoka. Nikimuuliza Faiza jambo, anamtazama yeye kwanza.

Mwezi uliopita, barazani pale pale, Faiza aliniambia, "Dada Nassra, ukuta wetu unaungua."

"Ukuta gani?"

"Wa kichwani. Unanguruma, halafu unanuka."

Bi Mwanamwema akatikisa kichwa taratibu, akaniangalia kama watu wazima wanavyoangaliana mbele ya mtoto. Maneno hayo hayo Faiza alikwambia wewe kwenye simu, ukalia, ukasema maradhi yamerudi. Nani angefikiri vingine? Mtu ambaye kwake kuta zimekuwa zikisema miaka yote, leo anasema ukuta unaungua. Bi Mwanamwema akasema sindano itaongezwa. Tukakubali sote.

Ijumaa iliyofuata walimleta wamemshika kwapani, huku na huku. Khalati, sitaki kukuficha. Ulimi ulikuwa mzito, mate yanamtoka, mikono inatetemeka hata kipande cha halua hakuweza kukifikisha mdomoni. Nikamfuta kwa ncha ya mtandio wangu. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kifundo, nikaona alama nyekundu iliyovimba. Nikauliza. Bi Mwanamwema akasema alijimwagia chai.

Nilipoinuka kuaga, Faiza akanivuta. Akaniuliza kwa sauti ndogo, anayatafuta maneno moja moja: "Mlango wa chumbani kwako unafungwa ndani au nje?"

Nikacheka, kwa kuwa sikujua niuweke vipi uso wangu. Nikamwambia ndani. Akaniachia.

Nikarudi mjini bila kuuliza zaidi. Wewe unanijua mimi, si mtu wa kugomba. Nilikuwa na hofu ya kuuliza, na nilijua hofu yenyewe ni ya nini: nikigomba leo, mimi nitarudi kwangu, yeye atabaki na waliogombezwa. Na nyuma ya hiyo ilikuwepo hofu nyingine, kwamba Bi Mwanamwema angesema basi mchukue, na mimi nisiwe na pa kumweka. Nadhani ndugu wengi wa wagonjwa hunyamaza hivyo hivyo, kila mtu na baraza lake.

Usingizi ukanikataa. Jumanne asubuhi, watoto walipokwenda skuli, nikavaa buibui langu nikaenda Bububu bila kumwambia mtu.

Pale getini yupo mlinzi, mtu mzima anaitwa Ame, mpole. Aliponiona akaja mbio.

"Leo si siku yake, bibie."

"Nimeleta dawa yake ya kifua," nikamwambia. Uongo mtupu, mkobani nilikuwa na leso na funguo za nyumba.

Akatazama nyumba, akanitazama mimi. "Bi mkubwa katoka, kenda mjini. Mpishi naye kenda sokoni." Kisha akafungua geti, akageuka upande wa barabara. "Mimi sjakuona."

Nikazunguka nyuma. Mle sikuwahi kufika tangu Tabia aondoke. Asumini zimekauka. Ukumbi mwembamba, giza, na harufu ya mkojo iliyokaa siku nyingi, na chini ya harufu hiyo ipo nyingine, kali, kama plastiki iliyopitiwa na moto. Mwisho wa ukumbi mlango mmoja una komeo kwa nje, na kwenye komeo kufuli kubwa la kuning'inia. Asubuhi ile, jua limeshapanda, limefungwa.

Nikaita, "Faiza!"

"Naam."

Ile naam yake uliyomfundisha wewe, ya heshima. Ilitoka nyuma ya ule mlango, ndogo kabisa.

Nikatoka nje nikaenda dirishani. Dirisha lina nondo, kioo hakina. Nikawaona wote wanne wamo chumba kimoja. Magodoro wameyavuta katikati ya chumba, wamekaa wamebanana juu yake kama watu waliozunguka sinia, migongo yao haigusi ukuta wowote. Pembeni ipo ndoo. Faiza akaja dirishani, anajikokota.

"Umekuja kuugusa?" akaniuliza.

Nikapitisha mkono kwenye nondo nikaweka kiganja ukutani, pale aliponionyesha. Khalati, ulikuwa moto. Upande ule jua halifiki, kuna mwembe wa jirani umeuziba, na bado ulikuwa moto kama ubavu wa birika. Rangi imevimba mapele. Chini yake soketi imeyeyuka, nyeusi. Faiza akainua mkono wake wa kushoto akaniwekea ile alama mbele ya macho. Haikuwa chai.

Nikamwita Ame. Nikamwambia azime umeme. Akasema swichi kubwa imo ofisini kwa Bi Mwanamwema, na ofisi imefungwa, na funguo zote za nyumba huwa katika mkoba wake, anatembea nazo. "Hata za mlango huu?" "Hata za huu." "Na usiku?" Akatazama chini. Akasema jioni bi mkubwa hufunga, huenda kwake kulala, hurudi asubuhi.

Nikampigia Ubwa aje na gari. Kisha nikasimama pale dirishani nimemshika Faiza mkono, na sikujua nifanye nini kingine. Nilimpigia Bi Mwanamwema simu, haipokewi. Kichwani nikawa nahesabu siku alizolala mle, nikaacha.

Tukiwa tumesimama hivyo soketi ikaanza kulia. Kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji. Ukatoka moshi mwembamba, kisha mnene. Mwanamke mmoja akaanza kupiga kelele. Faiza hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Ndivyo huanza. Halafu huacha." Safari hii haukuacha. Cheche ikaruka juu ya shuka iliyokuwa chini, na shuka ikashika moto.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Ame akaja na mtaimbo. Mara ya kwanza alilipiga komeo, mtaimbo ukateleza. Mara ya pili ukateleza. Mimi nasikia wanakohoa ndani, nasikia mtu anaupiga mlango kwa viganja, na sijui ni Faiza au si Faiza. Khalati, niliahidi nisikufiche, lakini dakika zile siziwezi. Komeo likang'oka na misumari yake. Wakatoka watatu. Faiza hakutoka. Ile sindano ilikuwa imemchukua miguu, alikuwa amekaa chini karibu na mlango, haoni. Nikaingia nikamshika chini ya kwapa nikamburura mpaka nje kwenye mchanga. Alikuwa mzito kama mtu aliyelala.

Ubwa alifika wakati Ame anamwaga mchanga kwenye godoro. Bi Mwanamwema naye akashuka kwenye gari nyuma yake, kaona moshi tangu barabarani. Akafungua ofisi, umeme ukazimwa. Moto haukupita chumba kile. Mtu hakufa. Aliyetuokoa ni Mwenyezi Mungu, kisha Ame na mtaimbo wake.

Neno la kwanza la Bi Mwanamwema lilikuwa, "Umeniingilia nyumbani kwangu."

Nilitaka kumpiga, mimi ambaye sijampiga mtu. Nikamwambia, "Uliambiwa ukuta unaungua. Ukaongeza sindano."

Akakaa kwenye kizingiti. Uso ukamwanguka. Akasema, "Nikiwaacha wazi, nani atawashika? Tabia kaondoka, nimetafuta muuguzi mpaka nimechoka. Mwaka juzi mmoja alinitoka, akaingia barabarani, gari ikamgonga mbele ya macho yangu. Mpaka leo nnamuota. Ndio nikatia komeo." Kisha akasema tena, polepole, "Kuta kila siku anasema. Kila siku, Nassra. Ningejuaje siku ipi ni kweli?"

Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko moto. Kwa sababu sikuona shetani pale. Niliona mwanamke aliyejaa hofu kama mimi, na hofu yake ndiyo iliyofunga mlango.

Nikamwambia namchukua Faiza. Akasema, "Mama yake ndiye aliyenikabidhi, humtoi mpaka aseme yeye." Nikamjibu, "Mama yake ntamwambia mimi." Ubwa akamwinua Faiza, akamweka kwenye gari. Ndiyo hivyo nakwambia sasa, na kama nimekosa kwa kutokuuliza kwanza, nisamehe.

Wakati naingia garini mmoja wa wale wanawake alinishika buibui. Anaitwa Bi Mize, kikongwe, asili yake Makunduchi, nyuso za ndugu zake hajaziona miaka. Akaniuliza, "Na mimi umenijia?" Nikamwambia sikumjia yeye lakini nitarudi.

Nilirudi. Kabla ya hapo nilikwenda kwa sheha wa kule, nikaeleza yote, mwanzo hadi mwisho. Wakaja watu wa ustawi wa jamii na fundi wa umeme. Waya za ukuta ule zilikuwa zimeungua hadi ndani. Zimeng'olewa, makomeo ya nje yameng'olewa, na Bi Mwanamwema ameambiwa asilaze mtu bila muuguzi ndani ya nyumba. Yeye amesema hawezi, atafunga. Kwa hiyo nyumba inafungwa, na kila mtu ananiambia nimefanya jambo kubwa. Lakini wale wengine wanakwenda wapi? Mmoja kachukuliwa na kaka yake, na nilivyomwona huyo kaka anavyomvuta mkono, sikufurahi. Bi Mize na mwenzake mmoja bado wamo, wakitazamwa na Ame na mpishi, wanasubiri ndugu ambao simu zao haziiti. Sheha anasema wanatafutiwa mahali. Nikiuliza mahali gani, ananirudishia maneno hayo hayo.

Faiza nilimpeleka kwa daktari wake wa zamani. Aliposikia kipimo cha sindano aliniomba nikirudie, halafu akaandika dawa upya, kidogo kidogo. Mate yameacha. Ulimi umeanza kuwa mwepesi. Mikono bado. Kidonda cha mkono kinakauka vizuri, nakisafisha mwenyewe.

Sasa nikwambie hali ya nyumbani, maana hutaki kuambiwa kila kitu ni shwari. Naogopa. Geti likilia nakimbia. Akikaa chooni muda mrefu nagonga. Watoto wanampenda, huyu mdogo analala mapajani mwake, na mimi nawatazama kutoka jikoni huku kitunguu kinaungua. Jirani mmoja ameacha kuwaleta wanawe kucheza, hakusema sababu na sikumuuliza. Faiza hakubali kuegemea ukuta mpaka mtu auguse kwanza. Kila Magharibi napita chumbani kwake, naweka kiganja kuta zote nne, namwambia, "Baridi." Juzi nilikuwa na haraka, ukuta mmoja nikaupapasa tu kwa vidole. Akaniambia, "Huo hujaugusa." Nikarudi nikaugusa. Alikuwa na haki.

Bado anasikia wale watu wake. Daktari anasema huenda wasiondoke kabisa. Lakini tumekubaliana mimi na Ubwa: akisema kuna kitu, tunakwenda kutazama. Mara nyingi hakuna. Tunakwenda tu.

Sasa khalati, ninalokuomba. Jana tulikuwa tumekaa, anamenya viazi vya watoto, anavimenya vibaya kwa ile mikono, na ghafla akaniuliza, "Mama ananiogopa?"

Nikamwambia mama goti linamsumbua, na Mzee Gharib hawezi kuachwa.

Akaendelea kumenya. Akasema, "Goti tu?"

Sitaki kukubunia jibu. Mimi pia namwogopa, wakati mwingine, na nampenda wakati huo huo, na nimegundua vitu hivi viwili vinaweza kukaa nyumba moja. Kama na wewe umekaa Maskati miaka yote hii kwa sababu hiyo, hatutakulaumu, wala si lazima umwambie mtu. Lakini njoo. Njoo kabla ya Ramadhani, hata kwa wiki mbili, shemeji zako wamshike Mzee Gharib. Nyumba yetu ni ndogo, utalala chumba kimoja naye, na usiku hatufungi.

Kila mara umekuja Unguja kwa harusi au kwa msiba. Safari hii sikuiti kwa harusi, na kwa msiba nilikaribia sana kukuita. Nakuita kwa sababu yu hai.

Msalimie sana Mzee Gharib, umwambie Ubwa anamdai mchezo wa bao. Wasalimie shemeji zako wote, na mwanao Yussuf na mkewe, na wale wajukuu ambao hatujawaona ila kwenye picha. Bi Mwanamkasi atakupa na pakiti ya bizari niliyoisaga mwenyewe, na karafuu za kutia kwenye chai. Faiza anasema Shikamoo. Hiyo ameniomba niiandike kwa maneno yake mwenyewe: "Shikamoo mama, mimi sijambo, chakula nnakula."

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akuondolee uzito wa goti na uzito wa moyo, na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye na kukungojea,

Nassra